Sinia Moja, Mikono Mingi: Habari za Maradhi ya Ulaji Mombasa

Kwa zama nyingi mtu wa Mombasa alipomwona mwenzake amekonda alijiuliza ni balaa gani limempata, wala swali hilo halikuwa la upuuzi, kwa kuwa wembamba katika pwani hii ulifuatana na misiba: wakati wa njaa ya Mwakisenge, iliyowakumba Wamijikenda yapata miaka ya 1884 na 1885, walikuwako waliolazimika kuweka jamaa zao rehani ili wapate nafaka, na karne moja baadaye, ukimwi ulipoenea Uganda, watu waliuita Slim, maradhi ya kukondesha, hata kila aliyepungua mwili akashukiwa. Unene, basi, ulikuwa dalili ya neema.

Ndiyo maana mwari wa Mji wa Kale, arusi ilipokaribia, aliwekwa ndani, akaepushwa na jua na kazi nzito, akasuguliwa singo, akapakwa liwa, akalishwa mpaka akanawiri, chini ya uangalizi wa somo wake, mwanamke mtu mzima mwenye idhini ya kumwambia mambo ambayo mama mzazi aliona haya kuyatamka. Wengi huikumbuka desturi hii kwa uturi na nyimbo zake. Mimi huithamini zaidi kwa sababu msichana alipata mtu wa kumweleza siri, na ilipofifia hatukuweka kitu mahali pake.

Ama chakula chenyewe kililiwa katika sinia moja lililozungukwa na mikono mingi, na kula hivyo ndio udugu. Walakini sinia lina sitara yake, maana pasipo sahani ya kila mtu hapana ajuaye nani amekula akashiba na nani amemeza tonge moja, kisha akachezea wali kwa ncha za vidole. Mwezi wa Ramadhani nao humpa mgonjwa wa maradhi ya ulaji udhuru wa kutokula usiohojiwa na mtu, ilhali sharia yenyewe imemruhusu mgonjwa asifunge. Na aliyekataa chakula waziwazi alidhaniwa kapatwa na jicho la hasidi, au kapandwa na pepo, akaandikiwa kombe kwa zafarani anywe, au akapelekwa ngomani apungwe. Wapo wanaowacheka wazee kwa hayo. Mimi siwacheki, kwa kuwa wao walau walitambua kwamba asiyekula ni mgonjwa, nasi leo aghalabu humwita mwenye maringo.

Wala matabibu wa Ulaya hawakututangulia sana. Mwaka 1873 ndipo William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, kila mmoja kwa njia yake, walipoeleza maradhi ya wasichana wanaojinyima chakula hadi kudhoofu, yaitwayo anoreksia. Na yale ya kula kwa pupa kisha kujitapisha, bulimia, yalingoja hadi 1979 Gerald Russell alipoyapambanua. Katikati ya tarehe hizo, mnamo 1944 na 1945, Ancel Keys wa Minnesota, huko Marekani, aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wenye siha njema na akili timamu, na baada ya miezi wakawa hawana fikira nyingine ila chakula, wakizama katika vitabu vya mapishi, wenye huzuni na hasira. Hata waliporuhusiwa kula, baadhi yao hawakujua tena kikomo cha shibe. Habari hii yafaa ijulikane na kila mzazi, kwa kuwa ni ushahidi kwamba njaa ikidumu huivuruga akili yenyewe, na kumwambia mgonjwa ale tu ni sawa na kumwamrisha mwenye homa asitetemeke.

Anayesema kwamba haya ni maradhi ya Wazungu na atazame Fiji, ambako mwili mnene ulipendwa kama kwetu: televisheni iliingia huko, katika eneo la Nadroga, mwaka 1995, na kufikia 1998 mtafiti Anne Becker alikuta wasichana wa shule wapatao 11 katika kila 100 wakikiri kujitapisha ili wapungue, ilhali miaka mitatu nyuma hakukiri hata mmoja.

Mombasa nayo imegeuka. Barabara ya Mama Ngina, pale Kizingo, ambayo zamani za Waingereza iliitwa Azania Drive, ilikuwa kwa miaka mingi mahali pa kupunga upepo na kula: mihogo ya kuchoma yenye pilipili na ndimu, mabuyu, kachiri na madafu, chini ya mibuyu mikongwe, meli zikipita kuingia Kilindini. Vyakula hivyo vipo hata leo. Lakini tangu ilipofunguliwa upya mwaka 2019 baada ya ukarabati mkubwa, vijana huenda kupigwa picha huko na kukimbia ili wapunguze mwili, na yuko bibi arusi ambaye nyanya yake alilishwa ili anenepe, naye hujinyima ili gauni limkae. Mazoezi ni siha, siwalaumu wakimbiaji. Ninaowalaumu ni sisi jamaa, tunaoupima mwili wa mtoto wa watu hadharani katika kila hafla.

Kupona kupo. Matabibu wa hospitali ya Maudsley, London, walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba kijana mwenye anoreksia hupona vyema wazazi wanapoyashika mamlaka ya mlo, wakikaa naye kila wakati wa chakula bila matusi wala vitisho, kisha wakamrudishia hiari yake kidogo kidogo. Na jamaa yenye sinia, bibi na mashangazi imekwisha pata nusu ya dawa hiyo. Nusu ya pili ni tabibu, kwa maana aliyejinyima muda mrefu akilishwa kwa wingi ghafula, madini ya damu yake huweza kuvurugika hata moyo ukasimama.

Basi mwenye binti, au mwana wa kiume, maana wavulana nao huugua, ambaye huzimia, au hedhi yake imekatika, au hukimbilia msalani kila amalizapo kula, na amsitiri mbele ya watu lakini asimfiche tabibu: ampeleke Coast General au kwenye kitengo cha maradhi ya akili cha Port Reitz, wala asingoje mpaka arusi ipite.