Baruti na Risasi: Kutoka Gobore hadi Masasi

Katika zama za gobore, baruti na risasi vilikuwa vitu viwili mbalimbali. Mpigaji alipima baruti, akaishindilia mtutuni, ndipo akatia risasi. Akizidisha kipimo, mtutu uliweza kumpasukia. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikusudia Waafrika wasiuziwe silaha bora kuliko bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Baadaye ganda la shaba liliviunganisha vyote, na neno risasi, ambalo asili yake ya Kiarabu ni madini, likataja kitu kizima. Kiswahili cha Kongo kimelipa umbo jipya: lisasi, masasi. Tangu vita vilivyozuka Ntoto, wilayani Walikale, Machi 1993, vikaenea Masisi, neno hilo limetajwa zaidi na wakimbizi kuliko wawindaji.