Mtihani wa Ufundi wa Serikali (Kericho na Bomet)

Mtihani wa Ufundi wa Serikali ni upimaji unaompa fundi nchini Kenya cheti cha kiwango chake cha kazi, pasipo kumtaka awe amesomea chuoni. Una madaraja matatu: la Tatu ndilo la kuanzia, la Kwanza ndilo la juu. Husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA), iliyoundwa kwa marekebisho ya mwaka 2011 ya Sheria ya Mafunzo ya Viwanda. Kituo cha NITA kilicho karibu na Kericho na Bomet kipo Kisumu.

Katika kaunti za Kericho na Bomet, viwanda vya majani chai, kama vile Litein na Kapkoros, huhitaji mafundi wa mitambo, umeme na uchomeleaji. Wengi hujifunza ufundi wao kwa kukaa na fundi mzoefu. Ususi wa shanga wa Wakipsigis, jamii ya eneo hili, nao hurithishwa nyumbani, na ustadi wake, ingawa ni mkubwa, kwa kawaida hauna karatasi ya kuuthibitisha. Ni kwa ajili ya watu wa aina hii kuna pia utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, unaoratibiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu (KNQA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mwombaji huonyesha kazi zake na kupimwa kwa viwango vya fani.

Cheti si leseni: kwa mfano, sonara anayetaka kununua dhahabu ghafi hubanwa pia na Sheria ya Madini ya 2016.