Malenga, Wapiga Kura na Bao la Kete



Ukitoka huku kwetu Kwa Mrombo ukapanda daladala, au kifodi kama sisi wazee wa Arusha tulivyozoea kuita, ukaenda mjini, utaukuta uwanja wa michezo uitwao Sheikh Amri Abeid. Hakuna asiyeujua. Juzi niliwauliza vijana wangu wa chuo, wale wa darasa la jioni, "Huyu Sheikh Amri Abeid alikuwa nani?" Mmoja akasema alikuwa mchezaji mpira. Wa pili akasema ni tajiri aliyetoa kiwanja. Wa tatu, ambaye ndiye mwerevu wao, akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa bora kuliko majibu ya wenzake.

Sikuwakemea, kwani kosa si lao. Sisi watu wazima twapita pale kila wiki na hatujawaambia. Basi leo napenda nikusimulie wewe msomaji, na kwa kupitia kwako niwasimulie na wao, habari ya mtu huyu na ya mambo mengine mawili matatu yanayofuatana naye, ambayo kwa mtazamo wa haraka hayahusiani: utungaji wa mashairi, upigaji wa kura, na mchezo wa bao.

Sheikh Amri Abeid alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa mji wa Dar es Salaam, kisha akawa Waziri wa Sheria, na baadaye akakabidhiwa wizara iliyoshughulika na maendeleo na utamaduni. Alifariki mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 40 tu. Lakini kabla ya vyeo vyote hivyo, mwaka 1954, alitoa kitabu kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na ni kitabu hicho, si umeya wala uwaziri, ambacho mwalimu wangu wa chuo alikuwa nacho ndani ya mfuko wa kanzu yake, kimekunjika kona zote.

Fikiri jina lenyewe: sheria za kutunga. Shairi letu la kawaida lina mishororo minne katika kila ubeti. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande ule, na vina vya kati na vya mwisho havina budi kulingana. Mwenye hasira hawezi kuyatimiza hayo kwa papo hapo. Mtu akikutukana sokoni utamjibu kabla hujavuta pumzi, lakini akikusema kwa shairi, itakupasa ukae chini, uhesabu silabi kwa vidole, utafute kina, ulifute neno ulilolipenda kwa sababu limezidi mizani moja. Na desturi ya malenga ilikuwa kwamba ukimjibu mwenzio wamjibu kwa bahari ile ile aliyoitumia. Kwa hiyo kabla ya kumpinga, sharti umsome vizuri mpaka ulijue shairi lake kama alijuavyo mwenyewe. Hasira huwa imekwisha poa nusu kabla kalamu haijafika ubeti wa tatu.

Majibizano haya yalikuwa yakichapwa magazetini, tangu enzi ya Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, na baadaye yakasikika redioni katika kipindi cha Malenga Wetu cha Radio Tanzania. Kule mabarazani alikuwapo mmoja aliyejua kusoma vizuri, naye huwasomea wengine kwa sauti. Watu walisubiri jibu la malenga fulani kwa malenga fulani kama vijana wa leo wanavyosubiri matokeo ya mpira. Sisemi kwamba wote walikuwa na adabu. Wapo waliochomana kwa maneno makali, tena yaliyofichwa ndani ya mafumbo hata mhariri asiyatambue. Walakini hata ukali huo ulikuwa na mipaka, na aliyeivuka aliumbuka mbele ya wasomaji, kwa kuwa vina vyake vilivurugika.

Hapana budi niseme jambo moja kwa uwazi. Sheikh Amri alikuwa wa Jumuiya ya Ahmadiyya, na katika itikadi sisi na wao tumetofautiana, tofauti iliyo kubwa. Tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya Jumuiya ile, iliyotoka mwaka 1953 chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, ilipingwa na wanazuoni wetu wengi. Lakini tazama ilivyopingwa. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alikaa akafasiri Kurani nzima, kazi ya miaka, ikatoka kamili mwaka 1969, na ndani ya maelezo yake akayajibu hoja kwa hoja yale asiyoyakubali. Aliijibu kalamu kwa kalamu. Ndiyo maana mwalimu wangu, aliyekuwa mkali kupita kiasi katika mambo ya akida, hakuona tabu kutembea na kitabu cha mashairi cha mtu asiyeafikiana naye.

Sasa nije kwenye kura, nami nitaanzia huku huku kwetu mlimani.

Mwishoni mwa mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wa Engare Nanyuki, watu wapatao 3,000, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Wameru hawakukaa kimya. Walichangishana fedha, na mwaka 1952 kijana wao Kirilo Japhet akafika New York mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza dhuluma ile, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Waliosikia walikubali kuwa Wameru wameonewa, lakini katika Baraza Kuu azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura. Kirilo alirudi nyumbani bila ardhi. Alichorudi nacho ni jina la Meru lililokwisha tajwa mbele ya dunia, na ujuzi wa namna hoja inavyosimamishwa mbele ya watu wasiokuwa wa kwenu.

Tarehe 7 Julai 1954, TANU ilipoundwa Dar es Salaam, Kirilo alikuwa mmoja wa wale 17. Na ndani ya chumba kile kile alikuwapo Saadan Abdu Kandoro, malenga, ambaye baadaye angeandika Mwito wa Uhuru. Mlalamikaji wa ardhi kutoka mlimani na mtunzi wa mashairi waliketi pamoja siku ya kwanza. Mimi sioni kwamba hilo lilitokea kwa bahati tu. Chama kilihitaji watu waliozoea kusema kwa mpango.

Ulipofika uchaguzi wa mwaka 1958 masharti yalikuwa ya ajabu. Mpiga kura alitakiwa awe na miaka 21, na awe na kisomo cha darasa la nane, au mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au cheo kati ya vyeo vilivyotajwa. Tena kila mmoja alilazimika kuchagua watu watatu: Mzungu, Mwasia na Mwafrika. Wengi katika TANU walitaka uchaguzi ule ususiwe. Mkutano wa Tabora, Januari 1958, ulibishana sana mpaka ukakata shauri kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka, akaanzisha chama chake, na mwaka 1962 akasimama kugombea urais dhidi ya Nyerere akashindwa vibaya, kisha akarejea TANU. Jimbo letu la Kaskazini lilimpeleka Barazani Solomon Eliufoo, na Derek Bryceson, na mama mmoja Mwislamu aliyekuwa akikaa hapa Arusha, Bibi Sophia Mustafa, ambaye mwaka 1961 alitoa kitabu juu ya safari ile ya siasa. Vijana wetu wa kike nao hawamjui.

Baba yangu hakupiga kura mwaka ule. Elimu yake ilikuwa ya msahafu, na riziki yake ya cherehani. Mtu aliyesoma kwa Kiarabu miaka kumi na miwili alihesabiwa kuwa hakusoma. Alinieleza jambo hilo nikiwa mkubwa, bila ya kinyongo, akaongeza kwamba yeye na wenzake wasioruhusiwa kupiga kura ndio waliokuwa wakibishana zaidi barazani, mbele ya bao, juu ya nani achaguliwe.

Hapa naomba nirudi nyuma kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashairi yalipewa kazi mpya. Mathias Mnyampala wa Dodoma alikuwa ameeneza ngonjera, na sisi tulipokuwa shule za msingi miaka ya 1970 tulizighani tukiwa tumesimama pande mbili, huyu mjinga, yule mjuzi. Nilizipenda, na hata leo baadhi nazikumbuka. Lakini ukizitazama kwa makini, utaona kwamba yule mjinga siku zote hukubali kabla ya ubeti wa mwisho. Hajapata kushinda hata mara moja. Tulijifunza kunena vizuri, ila kubishana hatukujifunza, maana mshindi alijulikana tangu mazoezini. Nchi ilikuwa ya chama kimoja wakati ule. Kisha mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, na tukaambiwa tushindane.

Tungelijifunzia wapi? Palibaki mahali pamoja, nalo ni bao.

Bao lina mashimo 32, safu nne za manane manane, na kete 64. Kila mchezaji ana 32: huweka sita katika nyumba yake, mbili na mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zilizobaki hushika mkononi akinamua moja moja. Ndugu zetu Wamasai na Waarusha wana mchezo wa jamaa yake, wauita enkeshui. Mwalimu Nyerere alipostaafu akarudi Butiama alikuwa akicheza bao na wazee wa kijijini. Katika bao hakuna kificho. Kete zote zaonekana, mashimo yote yaonekana, na waliosimama nyuma yako wanaliona kosa lako kabla hujalimaliza. Utachekwa. Ukishindwa, wainuka, wampisha mwingine akae, nawe wasimama nyuma pamoja na waliokucheka. Mtu akishindwa mara tatu kwa jioni moja, tena na mtoto wa jirani yake, hupata mazoezi ya kushindwa ambayo hayapatikani shuleni.

Nami, ndugu msomaji, ndiye niliyelivunja baraza la bao la mtaani kwetu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya 1990. Mzee mmoja alikuwa na bao lake la mninga chini ya mti, hatua chache kutoka msikitini. Wakati mwingine adhana ya Magharibi ilitolewa na wachezaji wakasema "mtaji mmoja tu," na mtaji mmoja ukawa mitatu. Nilikuwa kijana mwenye elimu mpya na moto mwingi. Nilihutubu Ijumaa mbili mfululizo juu ya mchezo unaowapitisha watu na wakati wa Sala, na haki ilikuwa upande wangu katika jambo la Sala. Lakini sikwenda kukaa na mzee yule nikamwambia, "Babu, tukubaliane, ikiadhiniwa kete zishikwe." Nilitaka bao liondoke, likaondoka. Mzee alilibeba kichwani mwenyewe kwenda nalo nyumbani, akanisalimia njiani kwa heshima.

Chini ya mti ule leo kuna kibanda cha kubeti. Kamari ile tuliyoharamishiwa kwa maneno yaliyo wazi kabisa imekaa palipokuwa na mchezo ambao hakuna aliyeweka senti. Vijana wameketi pale kila mmoja na simu yake, hawatazamani, na anayeshindwa hakuna anayejua kuwa ameshindwa mpaka aanze kuuza vitu vya nyumbani.

Na uchaguzi? Januari 2011 watu walikufa katika mitaa ya mji huu, katika vurugu zilizotokana na mgogoro wa kumchagua meya. Mji wenye uwanja wa jina la meya aliyekuwa malenga. Katika msikiti wetu mdogo wapo watu wawili, siwataji, waliokuwa wakisimama safu moja, bega kwa bega, ambao tangu uchaguzi mmoja uliopita hawasalimiani. Mmoja alimwoza binti yake na mwenzake hakualikwa, hali nyumba zao zatenganishwa na ua wa michongoma. Nimewaendea mara nne. Kila mmoja hunisikiliza kwa adabu, kisha huniuliza, "Lakini Sheikh, umemsikia alivyosema?" Nikimwambia amjibu kwa hoja, huniambia hajui aanzie wapi, anajua kununa tu.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa watu wa mzee yule wa bao. Mwenyewe alikwisha rudi kwa Mola wake zamani, Mungu amrehemu. Nilimkuta mjukuu wake, nikamweleza nililolifanya, kwani yeye hakuwa amezaliwa. Alicheka, akaingia ndani, akatoka na bao. Lilikuwa likitumika kuwekea chakula cha kuku. Tumelisafisha, na sasa liko barazani kwangu, mbele ya chuo, na sharti ni moja: adhana ikianza, kete huachwa pale pale zilipo. Jirani mmoja kati ya wale wawili amekwisha pita mara mbili, akasimama kutazama. Wa pili bado.

Kete tulizozikuta ndani ya mfuko ni 51. Watoto wamekwenda mtoni kutafuta vijiwe 13 vilivyo laini.