Conwy: Ngome ya mshindi yageuka hazina ya walioshindwa

MGENI anayeshuka garimoshi mjini Conwy, kaskazini mwa Wales, hana haja ya kuuliza ngome iliko. Minara yake minane mikuu inatazama mahali Mto Conwy unapoingia baharini, huku ukuta wa takriban kilomita 1.3 ukiwa bado umezingira mji wa kale.

Ngome hiyo ilijengwa kati ya 1283 na 1287 kwa amri ya Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, aliyekuwa ameivamia Wales na kuiteka. Mahali hapo palikuwa na makao ya watawa wa Aberconwy, alikozikwa Llywelyn Mkuu, mtawala wa Wales aliyefariki 1240. Edward aliwahamishia watawa hao Maenan, ndani zaidi ya bonde, kisha akaleta walowezi wa Kiingereza kuishi ndani ya ukuta. Kanisa la watawa lilisalia na lingali linatumika. Anayetaka kuliona jeneza la mawe linaloaminika kuwa la Llywelyn sharti afuate mto hadi mji wa Llanrwst, ambako limewekwa kanisani, likiwa tupu.

Hata hivyo, ngome haikuwa salama kama ilivyodhaniwa. Ijumaa Kuu ya 1401, askari wakiwa kanisani, ndugu wawili wa Wales, Rhys na Gwilym ap Tudur, waliiteka kwa hila. Inasimuliwa kuwa waliingia kwa kujidai maseremala.

Tangu 1986 ngome na ukuta huo vimo katika orodha ya UNESCO ya turathi za ulimwengu. Ada ya kiingilio sasa hukusanywa na Cadw, idara ya turathi ya serikali ya Wales. Jambo ambalo Edward hangelitarajia.

Kando ya bandari kuna nyumba nyekundu yenye upana wa mita 1.8 tu, inayotajwa kuwa ndogo kuliko zote nchini Uingereza. Mpangaji wake wa mwisho, mvuvi mrefu ajabu aliyeitwa Robert Jones, aliihama 1900.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni Llandudno, mji wa mapumziko wenye gati la burudani la mita 700, lililofunguliwa 1877. Tramu inayovutwa kwa kamba za chuma imekuwa ikipanda mlima wa Great Orme tangu 1902. Chini ya mlima huo mna mashimo ya shaba yaliyochimbwa kwa mawe na mifupa zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, ambayo yaligunduliwa upya 1987.

Juu yake huishi mbuzi wasio na mchungaji, wa uzao wa Kashmir. Mwaka wa 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya corona, mbuzi hao waliteremka mjini na kuitafuna michongoma ya wenyeji bila bughudha.