Sumaku za Molekuli na Madini Adimu ya Ngualla: Yapi Mwananchi Ayafahamu

Na Mwandishi Wetu

Fundi wa redio katika Kata ya Mlandege, Manispaa ya Iringa, akifungua spika hukuta nyuma yake sumaku ya duara. Sumaku ya aina hiyo kwa kawaida hutengenezwa kwa oksidi ya chuma, malighafi isiyo ghali. Mota ya pikipiki ya umeme huhitaji sumaku yenye nguvu kubwa zaidi katika umbo dogo, na hapo ndipo madini adimu huhitajika.

Miongoni mwa madini hayo ni neodimiamu na praseodimiamu. Sumaku ya neodimiamu, chuma na boroni iligunduliwa miaka ya 1980 nchini Japani na Marekani, na hadi leo ndiyo yenye nguvu kuliko zote zinazouzwa kwa wingi.

Sumaku za molekuli ni nini?

Katika sumaku ya kawaida, atomu nyingi mno huelekea upande mmoja kwa pamoja. Katika sumaku ya molekuli, kila molekuli hushika mwelekeo wake yenyewe. Mwaka 1993 watafiti walionesha tabia hiyo katika molekuli yenye atomu 12 za manganizi, lakini katika baridi kali mno. Mwaka 2018 molekuli yenye disprosiamu, ambayo pia ni madini adimu, ilifikia takriban nyuzi joto 193 za Selsiasi chini ya sifuri. Lengo ni kuhifadhi taarifa nyingi katika nafasi ndogo sana. Baridi hiyo ndiyo kikwazo kinachobaki.

Wanasayansi pia huunda molekuli zenye kazi zaidi ya moja, kwa mfano zile zinazobadili rangi na usumaku kwa pamoja zinapopata joto au mwanga.

Tayari hospitalini

Elimu hii si ya maabara pekee. Gadoliniamu, ambayo nayo ni madini adimu, hufungwa ndani ya molekuli na mgonjwa hudungwa dawa hiyo kabla ya kipimo cha MRI ili uvimbe na mishipa vionekane vizuri. Molekuli huizuia gadoliniamu isiudhuru mwili, na usumaku wake huing'arisha picha.

Nafasi ya Tanzania

Mradi wa Ngualla upo katika Wilaya ya Songwe, Mkoa wa Songwe, takriban kilomita 150 kutoka Jiji la Mbeya. Akiba yake imekadiriwa kuwa tani milioni 18.5 za mbale zenye wastani wa asilimia 4.8 ya oksidi za madini adimu. Neodimiamu na praseodimiamu ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya thamani. Disprosiamu ni kidogo.

Aprili 17, 2023, Serikali ilisaini mkataba wa mradi huo katika Ikulu ya Chamwino, Dodoma. Kampuni ya ubia, Mamba Minerals Corporation, ina hisa za Serikali za asilimia 16 zisizofifishwa, kiwango cha chini kinachotakiwa na Sheria ya Madini, Sura ya 123.

Hata hivyo, kuchimba ni hatua ya kwanza tu. Baada yake huja uchenjuaji, utenganishaji wa oksidi moja moja, uyeyushaji na utengenezaji wa sumaku, na thamani hupanda katika kila hatua. Kwa sasa sehemu kubwa ya utenganishaji duniani hufanyika China. Nchi inayouza mbale pekee hununua baadaye mota kwa bei ya juu.

Utenganishaji ni kazi ya kemia, na kemia huanzia darasani. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, huandaa walimu wa sayansi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya huandaa wahandisi. Mwanafunzi wa Mlandege anayesoma kemia leo anaweza kuwa miongoni mwa watakaoamua ni hatua ngapi kati ya hizo zitafanyika nchini.