Helikopta Hushindwa na Baridi Ikiwa Bado Imeegeshwa

Septemba 1934, kwenye kambi ya Little America huko Antaktika, msafara wa Admirali Richard Byrd ulipoteza chombo ambacho bara lile lilikuwa halijawahi kukiona. Kilikuwa autojiro ya kampuni ya Kellett, ndege yenye mapanga yanayozunguka juu ya kichwa cha rubani, mtangulizi wa helikopta. Katika dhoruba za msimu wa baridi theluji laini ilikuwa imepenya ndani ya mkia na kujikusanya humo bila mtu kuiona. Autojiro ilipopaa, mkia ukaielemea, ikaanguka. Rubani William McCormick akavunjika mkono.

Ajali ile ilianza chombo kikiwa kimeegeshwa. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya historia ya helikopta katika nchi za baridi iko hapohapo, ardhini, mikononi mwa mafundi ambao majina yao hayaandikwi.

Byrd alikuwa ameruka juu ya Ncha ya Kusini mnamo Novemba 1929, na mpiga picha ndani ya ndege ile alikuwa Ashley McKinley. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilipeleka ndege zake Fairbanks, Alaska, kuzipima kwenye baridi, lakini baridi yenyewe haikuja kila mara ilipohitajika. McKinley akatoa wazo lililowashangaza wengi: lijengwe hanga la kugandisha, tena Florida, kwenye jua kali. Mei 1947 majaribio ya kwanza yalianza katika kituo cha Eglin. Ndani ya hanga lililoweza kushushwa kupita nyuzi 50 chini ya sifuri iliwekwa ndege kubwa ya mabomu ya B-29 na, miongoni mwa nyingine, helikopta ya Sikorsky R-5.

Miaka mitatu baadaye ndugu wa helikopta hiyo, HO3S, alikutana na baridi ambayo haikuwa na swichi ya kuizima. Mwishoni mwa 1950, wakati wa Vita vya Korea, kwenye milima ya bwawa la Chosin, usiku ulishuka kupita nyuzi 30 chini ya sifuri. Tarehe 4 Desemba Jesse Brown, mtu mweusi wa kwanza kuhitimu mafunzo ya urubani ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, alidunguliwa na kutua kwa nguvu mlimani, mguu wake ukabanwa ndani ya ndege. Mwenzake Thomas Hudner aliiangusha ndege yake makusudi karibu naye, akawa anajaza theluji kwa mikono kwenye injini iliyokuwa ikitoa moshi. Kisha akaomba helikopta ije na shoka. Rubani Charles Ward alifika na shoka likaletwa, lakini chuma hakikukatika. Giza likawa linaingia, na helikopta ile haikuweza kuruka milimani usiku. Ikabidi waondoke. Brown alifia pale mlimani. Kila ninapokisoma kisa hiki nashikwa na uchungu uleule, kwa sababu helikopta ilifika, na bado haikutosha.

Ili helikopta kama ile iwepo asubuhi, kuna watu waliokesha. Baridi huifanya oili iwe nzito kama asali, na injini ya pistoni hushindwa kuzunguka. Kwa hiyo katika kambi za baridi mafundi walizoea kuimwaga oili jioni ingali moto, kuihifadhi ndani na kuipasha kabla ya kuirudisha alfajiri. Betri nayo ililala ndani na watu. Hita za mafuta zilipuliza hewa ya moto kupitia mabomba ya turubai hadi kwenye injini na giaboksi. Kupasha injini peke yake hakukutosha: injini inaweza kuwaka huku grisi kwenye viungo vya mapanga ingali imeganda, na rubani akaona usukani mgumu. Mipira ya kuzibia husinyaa, mafuta yakaanza kuvuja mahali palipokuwa pakavu jana. Tone la maji lililojificha kwenye mafuta ya ndege hugeuka chembe za barafu na kuziba chujio. Fundi hulazimika kuyatazama yote hayo, na skrubu ndogo haishikiki kwa glovu nene. Akiivua, chuma chenye baridi hiyo hunata kwenye ngozi.

Injini za tabaini zilizoenea baada ya miaka ya 1950 zilipunguza sehemu ya mateso hayo, kwani huwaka kwa urahisi zaidi. Bila hizo, helikopta ya Kisovieti Mi-8, iliyoruka mara ya kwanza 1961, isingekuwa tegemeo la Siberia, ambako visima vya mafuta vilichimbwa mahali pasipo na barabara. Lakini tabaini humeza theluji. Bonge likiteleza kutoka paani na kuingia kwenye mdomo wa injini, moto unaweza kuzimika angani. Ndiyo maana vifuniko vya injini na soksi za mapanga huvishwa kila chombo kinapozimwa, na theluji hufagiliwa kabla ya swichi kuguswa.

Barafu inayoshika mapanga angani ilichukua muda mrefu zaidi kueleweka. Huharibu umbo la panga, na ikibanduka upande mmoja kabla ya mwingine, chombo kizima hutetemeka. Huko Ottawa, Wakanada walisimamisha fremu ndefu yenye pua za kunyunyizia maji kwa mvuke, upepo ukalisukuma wingu hilo hadi kwa helikopta iliyokuwa ikielea hewani mbele yake. Jeshi la Marekani likajaza tangi ndani ya helikopta ya Chinook, ikawa inatangulia na kunyunyiza maji yenye rangi ya njano ili barafu ionekane vizuri kwenye picha.

Suluhisho lilikuwa nyaya za umeme za kupasha ukingo wa panga, na katika miaka ya 1980 Super Puma ilipata kibali cha kuruka penye barafu. Mfumo huo ni mzito na ghali. Hadi leo helikopta nyingi ndogo hazina, na sheria huzikataza kuingia kwenye wingu la barafu, hata anayesubiri upande wa pili awe mgonjwa.