Chai Nyekundu ya Uchina

Chai ambayo Wazungu huiita nyeusi, Wachina huiita nyekundu. Mzungu alilitazama jani kavu lililomfikia sandukuni. Mchina aliyatazama maji ya kikombeni. Sisi nasi, tusemapo chai ya rangi, twasimama upande wa Mchina bila kukusudia, ijapokuwa kwetu maneno hayo humaanisha tu kwamba maziwa hayamo. Hitilafu hii si ya maneno matupu. Kwa zaidi ya karne moja watu wa Ulaya waliinywa chai, wakailipia fedha nyingi, wala wasijue ni majani ya mti gani.

Linnaeus, bingwa wa mimea wa Uswidi, aliupa mchai jina moja mwaka 1753. Mwaka 1762 alibadili shauri, akaugawa mara mbili: Thea bohea wa chai nyeusi, na Thea viridis wa chai ya kijani. Bingwa aliitoka kweli akaingia kosani, tena kwa kuhesabu petali za maua! Walakini hastahili kuchekwa sana. Tangu 1757 hata 1842 wafanyabiashara wa Ulaya walifungiwa katika bandari moja, Canton, na mashamba yalikuwa mbali bara. Walionja wasichokiona. Robert Fortune, Mskochi aliyepenya bara kwa mavazi ya Kichina, ndiye aliyeeleza katika kitabu chake cha 1847 kwamba chai zote mbili hutoka katika mti ule ule.

Tofauti imo mikononi mwa mtengenezaji. Jani la kijani hutiwa moto upesi lisigeuke. Jani la chai nyekundu hunyaushwa, husokotwa hata maji yake yatoke, kisha huachwa likutane na hewa, likabadilika rangi kama ndizi iliyomenywa. Wengi husema limechachuka, na chachu haimo kabisa. Ukakasi hupungua, utamu ukajitokeza. Naye atakaye kuujua na aache maziwa na sukari.

Aanze na chai ya Tongmu, kijiji cha milima ya Wuyi katika jimbo la Fujian, ambako majani hukaushwa kwa moshi wa misonobari. Yasimuliwa kwamba askari wapitao waliwachelewesha wakulima, majani yakageuka, yakaokolewa kwa moto wa haraka. Ni hadithi tamu kuliko ushahidi wake. Lililo hakika ni kwamba neno Bohea ni jina la Wuyi lililoharibiwa na ndimi za wageni, na kwamba sehemu kubwa ya masanduku 342 yaliyotupwa baharini Boston mwaka 1773 ilikuwa ya Bohea.

Kisha anywe ya Qimen, jimbo la Anhui, nyepesi, yenye harufu ya maua. Masimulizi yapokewayo na wengi humtaja Yu Ganchen, aliyekuwa ofisa Fujian, akarudi kwao mwaka 1875 na ufundi aliouona huko. Mwisho ya Yunnan, nzito, yenye machipukizi ya rangi ya dhahabu na utamu kama wa kiazi kilichochomwa. Hiyo ni mtoto wa vita. Mapigano na Japani yaliyoanza 1937 yaliyatia hatarini mashamba ya mashariki, na nchi ilihitaji fedha za kigeni. Mwaka 1938 Feng Shaoqiu alipelekwa Shunning, iitwayo sasa Fengqing, kujaribu majani mapana ya huko.

Kwa hiyo anayedhani kwamba katika vikombe hivi anaonja Uchina wa kale, kwa maoni yangu anaonja zaidi matakwa ya wanunuzi wa ng'ambo, maana Wachina wenyewe walizidi kupenda chai ya kijani. Tongmu ilingoja hata mwaka 2005 kutengeneza Jin Jun Mei, chai ya machipukizi matupu, ghali mno, iliyokusudiwa wanunuzi wa Uchina wenyewe. Hiyo haikutiwa moshi.